Pakiti ya Sita ni Bure

1.

(Tangazo kwenye kioo cha supamaketi mpya, karibu na stendi)

OFA! OFA! OFA!
SUKARI NYEUPE YA PAKITI
Sh 3,100 tu!
NUNUA TANO, YA SITA NI BURE
Wahi kabla bidhaa hazijaisha.
Vigezo na masharti kuzingatiwa.


2.

Mwalimu Skolastika Mgaya alisimama mbele ya tangazo hilo dakika nzima, mkoba kwapani, midomo ikichezacheza. Mpita njia angedhani anasali. Alikuwa anagawanya.

Tano kwa elfu tatu na mia moja: elfu kumi na tano na mia tano. Gawa kwa sita: elfu mbili mia tano themanini na tatu, na senti zake. Kwa Mzee Kilasi, aliyeiuzia shule sukari ya kupima miaka yote, kilo ilikuwa elfu mbili mia nane.

Akatabasamu peke yake barabarani, baridi ya Agosti ikimuuma masikio.

Alikuwa amefundisha Hisabati Shule ya Msingi Lugalavi miaka ishirini na miwili. Walimu wenzake walimwita Kikokotoo, naye alilipenda jina hilo kuliko alivyokubali kuonyesha. Mwaka ule alikuwa amekabidhiwa pia chakula: yeye ndiye aliyepokea michango ya wazazi na kununua unga na sukari ya uji wa watoto.


3.

(Daftari lake, kalamu ya bluu)

Mahitaji ya mwezi: siku 20 × kilo 3 = kilo 60
Kwa Kilasi: 60 × 2,800 = 168,000
Supamaketi: mafungu 10 × 15,500 = 155,000
TUMEOKOA = 13,000

Mstari chini ya jibu aliupiga mara mbili.


4.

Stoo ya shule. Wanawake wawili, pakiti sitini, na pipa moja la plastiki lenye mfuniko, kwa sababu ya sisimizi.

Mwanamke wa pili alikuwa Mama Lutengano, mpishi wa shule kwa miaka tisa. Mjane, anakaribia sitini, darasa la nne hakulimaliza, analea mjukuu wake Anjelista. Kazi yake ilikuwa kukata pakiti kwa kisu na kumimina. Alipofika pakiti ya saba au ya nane akasita, akaipakata kwenye kiganja kama mtu anayepima kifaranga.

"Mwalimu, hizi pakiti mbona nyepesi?"

"Nyepesi vipi?"

"Nyepesi tu. Kilo mimi naijua. Kilo ikikaa hapa, inalala. Hii haijalala."

Skolastika alicheka. Hakikuwa kicheko kibaya, au ndivyo alivyojiambia baadaye. Kilikuwa kile kicheko anachowapa watoto wanaosema nusu ni kubwa kuliko robo tatu kwa sababu tatu ni kubwa kuliko moja.

"Mama Lutengano, mkono si mizani."

"Haya, mwalimu."

Akaendelea kumimina.


5.

Kila asubuhi Mama Lutengano alichota makopo matatu. Kopo lake lilikuwa la mafuta ya kupikia, lina alama ya msumari ndani. Alama hiyo aliipiga mwenyewe dukani kwa Mzee Kilasi, jiwe la kilo moja upande mmoja wa mizani, kopo upande wa pili. Makopo matatu, kilo tatu. Hakuzidisha, hakupunguza.

Siku ya 1, uji wenye sukari.
Siku ya 2, uji wenye sukari.
Siku ya 3, ya 4, ya 5, mpaka ya 18, uji wenye sukari.

Siku ya 19, uji.

Siku ya 20, uji.


6.

(Foleni ya uji, siku ya 19)

— Leo umewekwa nini?
— Haujawekwa kitu.
— Sukari imeisha.
— Imeishaje wakati mwezi haujaisha?
— Muulize anayepika.

(Foleni ya uji, siku ya 20)

— Bibi yake Anjelista kaila.
— Nani kasema?
— Wanasema.


7.

SHULE YA MSINGI LUGALAVI
MUHTASARI WA KIKAO CHA KAMATI YA SHULE
Wajumbe waliohudhuria: 9. Mwalikwa: mpishi.

Ajenda ya 3: Upotevu wa sukari
3.1 Mwalimu wa chakula alitoa taarifa kuwa zilinunuliwa kilo sitini (60). Zilizotumika kwa mujibu wa daftari la jikoni ni kilo hamsini na nne (54). Upungufu ni kilo sita (6).
3.2 Mpishi alihojiwa. Alijibu kuwa hajui.
3.3 Kamati iliazimia suala lipelekwe mkutano wa wazazi.

Ajenda ya 4: Mengineyo
4.1 Mwenyekiti alimpongeza mwalimu wa chakula kwa kuokoa fedha za wazazi. Wajumbe walipata soda na biskuti kutokana na fedha hizo.


8.

Muhtasari unasema mpishi alijibu kuwa hajui. Si kweli. Alijibu hivi:

"Sukari sijaila. Na mwalimu nilimwambia siku ileile, pakiti ni nyepesi. Mwalimu si yupo? Aseme."

Wajumbe wote wakageuza shingo. Skolastika alikuwa ameshika soda, chupa imetoa jasho, mrija umo mdomoni. Angeweza kusema neno moja tu, ndiyo. Ndiyo, aliniambia. Lakini alihisi kwamba ndiyo ile ingemlazimu kueleza kwa nini alicheka, na watu tisa walikuwa wanamtazama kama Kikokotoo.

Akautoa mrija.

"Kila mpishi husema hivyo," alisema.


9.

Mkutano wa wazazi, Jumamosi, chini ya bati la darasa la sita. Watu mia na ushee, masweta na vitenge, watoto wachanga migongoni.

Hapo Skolastika alisimama na chaki. Hakuna aliyemwomba chaki. Aliandika ubaoni:

60 − 54 = 6

"Wazazi wangu," alisema, "hesabu haina ndugu wala jirani. Sitini toa hamsini na nne ni sita. Sita hizi hazikuota mbawa." Akanyamaza kidogo, kama anavyonyamaza darasani kabla ya jibu. "Wahenga wamesema, mshika mwiko halali njaa."

Watu wakacheka. Ukumbi mzima. Mzee mmoja wa mbele alipiga goti lake kwa kiganja.

Mama Lutengano alikuwa benchi la tatu. Alikuwa ameinama, anakunja ncha ya kitenge chake na kuikunjua, anaikunja na kuikunjua.

Kicheko kile Skolastika alikisikia kwa furaha. Hilo ndilo


ndilo ambalo hawezi


Kwa furaha.


10.

KUMB. NA. SML/CH/07
YAH: KUSITISHWA KWA KAZI YA UPISHI

Ndugu Yustina Sanga (Mama Lutengano),
Husika na somo hapo juu. Kufuatia azimio la mkutano wa wazazi, unaarifiwa kuwa kazi yako imesitishwa kuanzia tarehe ya barua hii. Aidha, thamani ya kilo sita za sukari, sh 16,800 (6 × 2,800), imekatwa kwenye posho yako ya mwezi.
Tunakutakia kila la heri.

(Sahihi) Mwalimu Mkuu
Hesabu imehakikiwa na: S. Mgaya


11.

(Mama Lutengano, akimwambia mwenzake wakichagua viazi vya kupakia kwenye viroba)

"Mimi sikulia, dada. Ningelia wangesema ni machozi ya mwizi. Nisipolia wanasema nimezoea. Ukishaitwa jina hilo, hata ukipiga chafya wanasikia sukari. Kazi hii nzuri tu. Kiroba kimoja wananipa mia tano, mgongo unauma lakini haunitukani. Anayeniumiza ni mjukuu wangu. Wanamwita Guluguja la Sukari, kama mdudu aliyeingia stoo. Anjelista yule, mtoto anayependa shule mpaka anaota anaimba jedwali! Juzi kavua sare, kaikunja vizuri, kaiweka juu ya sanduku. Namuuliza, vipi, leo si Jumatatu? Ananiambia, bibi, mimi nitakusaidia viazi."


12.

Oktoba. Skolastika anatunga mtihani wa muhula wa darasa la sita, ofisini, mchana, wenzake wamekwenda kula.

Swali la 23. Shule inahitaji kilo 60 za sukari. Duka A linauza kilo moja sh 2,800. Duka B linauza pakiti moja sh 3,100, na ukinunua pakiti tano unapewa moja bure.
(a) Ni duka lipi lenye nafuu?
(b) Shule itaokoa kiasi gani?

Aliandika (b) akisikia ladha yake. Jibu lilikuwa lake. Alikuwa amelinunua kwa miguu yake mwenyewe. Akaona swali lipendeze zaidi likiwa na mchoro. Kwenye droo kulikuwa na pakiti tupu moja, aliyoitumia kuhifadhia vipande vya chaki. Akaimwaga chaki mezani, akainyoosha pakiti kwa kiganja, akaanza kuichora: jina la kiwanda, miwa miwili iliyopishana, mstari wa kijani. Chini kabisa, karibu na mshono, palikuwa na maandishi madogo. Akavaa miwani ili asikosee kuyanakili.

Uzito halisi: g 900.


13.

Wewe unayesoma, usimcheke bado. Rudi namba moja ukalitazame tangazo. Uliligawa pamoja naye, si ndiyo? Ukaona kweli, nafuu ipo. Sasa nionyeshe mahali lilipokuambia kwamba pakiti ni kilo.

Hakuna. Halikudanganya. Liliandika namba kubwa kwa herufi kubwa, likaacha wewe ujaze iliyobaki.


14.

Penseli. Nyuma ya karatasi ya mtihani.

60 × 900 = 54,000
Gramu 54,000 = kilo 54

155,000 ÷ 54 = 2,870

Kwa Kilasi 2,800.
Supamaketi 2,870.

54 × 2,800 = 151,200
155,000 − 151,200 = 3,800

Hatukuokoa. Tulipoteza 3,800. Na soda tulikunywa.

54 ÷ 3 = 18

Kumi na nane.

Siku kumi na nane, makopo matatu kila siku, bila kuzidisha, bila kupunguza. Mama yule hakuiba hata kijiko.


15.

Alilijua jibu, lakini akalihesabu tena.

Tena.

Tena.


16.

Mambo aliyoyafanya Mwalimu Skolastika katika wiki mbili zilizofuata:

— Aliikata pakiti vipande vidogo akaitupa chooni.
— Alilifuta swali la 23, akaandika la maembe.
— Alirudi kununua sukari kwa Mzee Kilasi. Mzee akamuuliza, "Umerudi, mwalimu? Ofa imeisha?" Akajibu, "Imeisha." Mzee akafunga mfuko kwa kamba, polepole, akasema bila kumtazama, "Na yule mama wa watu?" Akajifanya anatafuta chenji.
— Alipokuwa akiita majina darasa la tano, alipofika Sanga Anjelista aliita kwa sauti ndogo, akaweka alama ya kutokuwepo kabla hata mtoto yeyote hajasema "Hayupo".
— Alimfokea mumewe kwa sababu ya chai. Mume, fundi seremala asiye na maneno mengi, alikuwa ameuliza tu, "Sukari umeweka?"
— Hakumwambia mtu.


17.

Wiki ya tatu alikwenda supamaketi. Alijiambia anakwenda kugomba. Alivaa suti yake ya kikao.

Meneja alikuwa kijana mpole, tai nyembamba, harufu ya sabuni.

"Karibu, mama. Nikusaidie?"

"Nauliza kuhusu pakiti za sukari. Ni..." Ulimi ukamgeuka. "Ni kwa ajili ya somo. Nina wanafunzi."

"Ahaa, mwalimu! Uliza tu."

"Mbona ni gramu mia tisa?"

"Zinakuja hivyo kutoka kiwandani. Na imeandikwa, mwalimu." Akamwonyesha kwa ncha ya kidole, chini, karibu na mshono. "Sisi hatufichi. Ni kwamba wengi hawasomi." Akacheka kirafiki. "Wasomi kama nyinyi ndio mnaosoma."

"Ndiyo," alisema Skolastika.

Pembeni yao mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alikuwa anahesabu pakiti kuingiza kwenye kikapu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Ya sita akaibusu kabla ya kuiweka. Skolastika alimtazama. Neno lilikuwa limeshafika kooni: *dada, soma uzito.* Lakini kumwambia kungekuwa kumwambia vilevile amejuaje.

Mwanamke akaenda kulipa.


18.

(Ofisi ya Mwalimu Mkuu, Bwana Msigwa. Mlango umefungwa. Karani alisikia, karani ndiye anayesimulia.)

Mwalimu Mgaya aliingia saa nne. Nilidhani wanaongea mitihani. Mara nikasikia Mkuu anasema, "Una hakika?" Yeye anasema, "Nimehesabu mara kumi na moja."

Kisha Mkuu: "Sasa mwalimu, yaliyopita si ndwele. Yule mama nasikia ana kazi huko kwenye viazi."

"Mjukuu wake ameacha shule."

"Tutamtuma mtendaji amfuatilie."

"Mkuu, tulimkata elfu kumi na sita na mia nane."

"Nitazitafuta, apewe kimyakimya. Lakini kusimama mbele ya wazazi? Wewe? Mwalimu wa Hisabati? Watasema hata watoto wao hatuwafundishi. Fikiria shule."

Hapo Mwalimu Mgaya akasema kitu kwa sauti ya chini mno, nikakosa. Nilichokisikia ni Mkuu akijibu, "Basi kaongee naye kwanza. Labda mwenyewe hataki."


19.

Jumapili, baada ya ibada. Nyumba ya Mama Lutengano iko mteremkoni, juu ya bonde la viazi, ukuta wa tofali za kuchoma usiopigwa lipu. Skolastika alipanda na mfuko uliomlemea bega. Mwenyeji alikuwa uani anaanika mahindi kwenye turubai.

"Hodi, Mama Lutengano."

"Karibu." Hakusimama. "Kiti kipo ndani. Anjelista, mtolee mwalimu kiti."

Mtoto alileta kigoda, akakiweka, akarudi ndani bila kuamkia. Mlango ukabaki wazi kidogo.

Skolastika hakukaa. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, kwa mafungu, kama hatua za hesabu. Yote yakamtoka mara moja, yamechanganyika. Pakiti. Gramu mia tisa. Hamsini na nne. Kumi na nane. Ulisema kweli. Ulisema kweli tangu siku ile.

Mama Lutengano aliendelea kutandaza mahindi kwa kiganja, anatoa mawe madogo, anayarusha pembeni.

"Gramu mia tisa," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo imepungua ngapi?"

"Gramu mia. Kila pakiti."

"Kama sabuni kipande."

"Ndiyo, mama."

"Niliisikia." Akaitazama mikono yake, kama inamhusu mtu mwingine. "Umejua lini?"

Hilo hakuwa amelipanga.

"Wiki tatu zilizopita."

"Wiki tatu." Akarusha jiwe. "Haya. Na hicho ulichobeba?"

Skolastika aliushusha mfuko. "Ni kidogo tu. Kilo sita. Nimepima kwa Mzee Kilasi, nimehakikisha, ni kilo kamili, mama, nimekuletea..."

Mama Lutengano alisimama kwa mara ya kwanza.

"Umepita nayo wapi?"

"Barabara ya kanisani."

"Watu wametoka ibadani."

"Ndiyo."

"Wamekuona unaleta sukari kwangu."

Skolastika akautazama mfuko.

"Sukari, mwalimu! Kwangu mimi! Kesho watasema ile ndiyo ile, mwalimu kaifuata, wameikuta. Au watasema tulikuwa tunagawana." Akausukuma mfuko kwa mguu, si kwa nguvu, ukaegemea kigoda. "Chukua. Ondoka nayo. Na upite barabara ileile, wakuone unarudi nayo."

"Nisamehe, mama. Sikufikiri."

"Hata siku ile hukufikiri. Ulihesabu."

Kuku walikuwa wameanza kuyasogelea mahindi. Hakuna aliyewafukuza.

"Niambie unachotaka," Skolastika alisema. "Nitafanya."

"Ulinitaja wapi?"

"Mkutanoni."

"Basi nitoe mkutanoni. Usinitolee uani kwangu, na kuku ndio mashahidi."


20.

Jinsi kilo sita zinavyokuwa nzito mtu anaposhuka nazo mlima: haijaandikwa kwenye silabasi.


21.

SHULE YA MSINGI LUGALAVI
MKUTANO WA WAZAZI — AJENDA
1. Kufungua mkutano
2. Yatokanayo
3. Taarifa ya mwalimu wa chakula
4. Ujenzi wa choo cha wavulana
5. Kufunga


22.

Walikuja watu wachache kuliko mara ya kwanza, labda themanini. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza na watu walikuwa mashambani. Skolastika alitazama kila anayeingia. Mama Lutengano hakuwemo. Ajenda ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mwenyekiti alipotaja ya tatu, mlango wa nyuma ulifunguliwa, mama yule akaingia na gamba la tope kwenye viatu, akakaa benchi la mwisho, karibu na dirisha, kama mlezi yeyote aliyechelewa.

Skolastika alichukua chaki. Aliandika vibaya, akafuta, akaandika tena:

60 × 900 = 54,000

"Mnakumbuka hesabu niliyowaandikia hapa," alisema. "Ilikuwa sahihi. Sitini toa hamsini na nne ni sita. Lakini sitini hazikuwepo."

Aliwaeleza. Aliwaeleza kama wanafunzi, hatua kwa hatua, kwa sababu hakujua njia nyingine: ofa inasemaje, pakiti ina uzito gani, kilo moja kwa kweli iligharimu shilingi ngapi. Aliwaambia wakienda dukani wasigawe bei kwa idadi ya pakiti; wagawe kwa uzito. Watu walianza kutikisa vichwa, mwanamke mmoja akatoa simu akawa anahesabu, na kwa muda mfupi ukumbi ulikuwa darasa zuri, na Skolastika alihisi ile raha yake ya zamani ikimnyemelea, raha ya kueleweka. Akaigundua. Akaona aibu juu ya aibu.

Akaweka chaki chini.

"Hayo ni ya duka," alisema. "Sasa yangu. Mama Lutengano aliniambia siku ya kwanza kwamba pakiti ni nyepesi. Nilimcheka. Kwenye kamati alisema aliniambia, akaniomba niseme. Sikusema. Nikaja hapa nikamwita mwizi kwa methali, mkacheka, na mimi..."

Hakuna aliyemsaidia. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"...nikafurahi," alimaliza.

Mwenyekiti alikohoa. "Kwa kweli, wazazi, tulikosea sote."

"Hapana, mwenyekiti. Tukigawa kwa wote, kila mtu atabaki na kidogo mno. Hili ni langu."

Mzee wa mbele, yule aliyepiga goti, alikuwa anatazama sakafu.


23.

3.1 Mwalimu S. Mgaya alitoa ufafanuzi kuhusu uzito wa sukari.
3.2 Iliazimiwa mpishi wa zamani arejeshewe sh 16,800. Mwalimu Mgaya alitoa fedha hizo papo hapo, zake mwenyewe.
3.3 Iliazimiwa mpishi wa zamani aombwe kurejea kazini.
3.4 Mwalimu Mgaya aliomba kuachia majukumu ya chakula. Ombi litajadiliwa.
4.1 Choo cha wavulana: mbao bado.


24.

(Wakitoka)

— Sasa mimi nilizonunua juzi?
— Pima.
— Lakini kajitahidi mwalimu, kusimama vile.
— Kajitahidi nini? Angekuwa mwanao ndiye kaitwa Guluguja?
— Nasema tu.
— Wewe ulicheka, nilikuwa karibu yako.
— Wote walicheka.


25.

Mvua ilikuwa imepungua. Mama Lutengano alisimama kwenye baraza ya darasa akijifunga kitenge kichwani, noti zimekunjwa kiganjani. Mwenyekiti alikuwa amemsimamisha, anamweleza kuhusu kurudi, Jumatatu kama inawezekana, watoto wanamkumbuka. Yeye aliitikia, "Nimesikia." Mwenyekiti akauliza, "Kwa hiyo tukutegemee?" Akajibu, "Nimesikia, mwenyekiti." Mwenyekiti akaaga.

Skolastika alimsogelea, akasimama hatua mbili mbali naye. Hakuomba msamaha tena. Alihofia kwamba akiomba mara nyingine atakuwa anadai.

Walitazama uwanja. Maji yalikuwa yanatafuta njia kati ya mawe ya mlingoti wa bendera.

"Unajua kilichoniuma?" Mama Lutengano alisema. "Si kuitwa mwizi. Ukiwa maskini unajua siku moja utaitwa. Kilichoniuma, nililala siku ile nikijiuliza kama kweli nimeila. Nikaanza kuhesabu, mimi nisiyejua. Nikasema mwalimu hawezi kukosea, basi labda mikono yangu ndiyo imekosea. Miaka hamsini na nane ninayo mikono hii."

Skolastika alipangusa chaki vidoleni.

"Leo watu themanini walikuwemo humu. Wamenipita hapa mmoja mmoja, wananisalimia vizuri. Hakuna hata mmoja aliyesema, mama, na mimi nilicheka. Umesema wewe peke yako." Akazigeuza noti kiganjani, bila kuzitazama. "Hilo nalo nimeliona. Lakini wiki tatu ulizonyamaza nazo nimeziona. Sasa sijui, mwalimu, lipi nilijumlishe na lipi nilitoe."

"Chukua muda wako, mama."

"Muda ni wangu. Sikuombi."

Alisema bila ukali. Kisha akashuka kwenye baraza, akanyanyua kitenge kisiguse tope, akaanza kuvuka uwanja. Katikati alisimama, akageuka nusu, kama aliyesahau kitu.

"Anjelista amekosa hesabu zipi?" aliuliza kwa sauti, kutoka huko.

Na Mwalimu Skolastika, aliyejua jibu, mada kwa mada, ukurasa kwa ukurasa, alivuta pumzi ili aanze kumtajia.